Wasifu Uliokwama Kwenye Printa

Asubuhi ya siku ya kumzika dada yake, Mwalimu Zabron aliketi mbele ya kompyuta sebuleni kwake Ilomba, akiikodolea macho printa iliyomgomea. Taa yake ya kijani iliwaka. Karatasi zilikuwamo. Lakini kila alipoiamuru ichape, ilikaa kimya.

Kwa siku tatu alikuwa akiuandika wasifu wa Dada Eveline kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani tangu mwaka jana, kiharusi kilipompiga na kuondoka na nusu ya maneno yake. Mpwa wake, Clement, ndiye angeusoma huko Mbalizi saa nane mchana, kabla ya jeneza kushushwa.

"Tumwite fundi?" aliuliza mkewe, Sekela, akijifunga kitenge.

Zabron alitikisa kichwa, akaonyesha nyuma ya kompyuta. "Wa... waya. Nani?"

"Mimi, Baba Ipyana. Jumamosi nilipofuta vumbi ulichomoka. Tundu lake limelegea, nikauchomeka kwenye hili la pembeni."

Hapo akaujua ugonjwa wote. Kompyuta ilikuwa bado inapeleka kazi kwenye poti ya zamani, lile tundu lililolegea, ambako hakukuwa na kitu. Miaka thelathini alikuwa amefundisha fizikia. Jambo kama hili angelieleza kwa pumzi moja. Sasa lilimkaa kooni kama mfupa. Akajaribu kukisogeza kipanya kwa mkono wa kushoto usiokizoea, mshale ukarukaruka kwenye skrini.

Sekela akavuta kiti, akakishika kipanya. Hakuwahi kuigusa mashine ile ila kwa kitambaa cha vumbi.

"Ku... ku..."

"Kulia?"

"Kulia!"

Akabonyeza kitufe cha kulia. Orodha ikafunguka, akachagua mstari usio wenyewe.

"Si hapo!" Zabron alifoka.

Sekela aliuondoa mkono wake taratibu. "Mume wangu, ukinipigia kelele siioni hata hiyo skrini. Sema polepole. Mimi nasubiri."

Zabron akainamisha kichwa. Mwaka mzima mwanamke huyu alikuwa akimsubiri hivyo: neno la chai, neno la viatu, neno la maumivu. Yeye alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa akihangaika.

Wakaanza upya. Neno kwa neno, walifika penye orodha ya poti. Alama ya vema ilikuwa kwenye ya kwanza. Sekela akaihamishia kwenye ya pili. Printa ikakoroma, ikatema karatasi, kisha nyingine, kisha nyingine. Nakala zote nne alizoziamuru tangu asubuhi zikatoka kwa mpigo, na wawili hao wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu simu ya msiba ilipoingia.

Huko Mbalizi, mwongozaji wa mazishi alipomwita msomaji wa wasifu, Clement aliinuka. Zabron akamshika koti.

"Yeye," alisema, akimwonyesha Sekela. Neno lilitoka zima.

Sekela alisoma bila haraka, na waombolezaji wakatulia. Katika ukurasa wa pili palikuwa na sentensi ambayo Zabron, kwa uchovu, aliiacha bila kuimaliza: *Kitu ambacho sikuwahi kumwambia dada yangu ni*. Alikuwa ameisahau kabisa.

Sekela alipoifikia, hakuiruka. Aliinua macho, akamtazama mumewe, akasubiri. Watu wote wakasubiri naye.

Zabron akafungua kinywa.