Vifungo vya Ghorofa ya Kwanza

Fundi cherehani alikuwa na jozi tatu za raba za mazoezi, na zote zilikuwa mpya. Jozi ya kwanza aliinunua daktari alipomwambia apunguze kukaa. Akakimbia siku nne, ya tano akaamka magoti yanalia kama bawaba kavu, akaziweka raba chini ya kitanda zipumzike. Ya pili ilikimbia siku tatu. Ya tatu haikuwahi kutoka kwenye boksi. Mkewe alisema ni nguvu za soda, ingawa hata soda, alisema, lazima kwanza ifunguliwe.

Sasa haikuwa tena habari ya daktari. Binti yake wa pekee aliishi ghorofa ya nne ya jengo lilelile ambalo fundi alishonea chini, ngazi sitini na nne kwenda juu, na huko kulikuwa na mjukuu wa miezi minane. Zamani binti alimshusha mtoto kila jioni. Aliporudi kazini, ikawa Jumamosi tu, tena si kila Jumamosi. Naye fundi alikuwa akipanda ngazi kumi, pumzi zinamwacha anazitafuta. Mara ya mwisho alipompakata, mtoto aliyakodolea macho yale masharubu, akalia kama amekabidhiwa mtu baki.

"Hajakuzoea tu, Baba," binti alisema.

"Atanizoea lini? Akishaoa?"

Tangu siku hiyo fundi akaanza kumchunguza Bibi Dobi. Bibi huyu alikuwa ameipita sabini, mwembamba kama hanga ya nguo, akifua nguo za watu kwenye bomba la uani na kuzianika kwenye paa, juu kabisa ya ghorofa ya nne. Ngazi zilipita mbele ya cherehani, kwa hiyo fundi akachukua chaki yake ya kukatia akawa anachora mstari pembeni mwa meza kila bibi akipanda. Kufika mchana, mistari kumi na moja. Na hakumsikia akihema hata mara moja.

Lazima kuna dawa, fundi aliwaza. Bibi alipokwenda kuanika, akakinusa kikombe chake. Chai ya rangi, hata sukari haina.

"Bibi, hivi wewe unakunywa nini?" alimuuliza aliposhuka.

"Chai. Na ukiinywa tena utanifulia."

"Nilinusa tu."

"Pua ilikuwa imelowa, mwanangu."

"Basi niambie, ulianza na mazoezi gani?"

Bibi Dobi aliweka beseni chini ili apate kucheka vizuri. "Mazoezi? Mimi ningepewa hiari, ningelala mpaka saa nne."

Fundi hakuridhika. Kesho yake alimwangalia kama anavyoangalia pindo la suti ya harusi, ndipo akaona jambo ambalo kwa miaka tisa lilikuwa likimpita puani: bibi hakupandisha beseni zima hata siku moja. Alikamua nguo tatu, akazitupia begani, akapanda. Akashuka kufuata nyingine tatu.

Kumbe ni kwenda taratibu, fundi akajisemea, akainuka palepale aende kwa mjukuu. Ghorofa ya pili ilimkuta amekaa kwenye ngazi, watu wanamruka kama dimbwi. Bibi Dobi naye akamfikia, nguo begani.

"Umefuata nini huku?"

"Mjukuu."

"Mjukuu anasubiri. Leo usipofika utasema kesho, na kesho yupo. Nguo mbichi hazisubiri, zinavunda. Weka huku kitu ambacho kazi yako haiendi bila hicho. Na usikiweke mbali. Kiweke pale unapofika ukiwa bado na pumzi za kubishana na mtu."

Fundi aliyatafakari maneno hayo huku akipinda suruali mbili, zote akazikosea. Kisha akabeba kopo lake la vifungo hadi ghorofa ya kwanza, kwa mwalimu mstaafu, akaomba kuliweka kwenye dirisha lake la koridoni.

"Vifungo vimekukosea nini?" mwalimu aliuliza.

"Vinakaa karibu mno."

Sharti alilojiwekea lilikuwa shati moja, vifungo saba, safari moja. Hakuvaa raba, alipanda na kandambili zake, maana alikuwa anakwenda kazini tu. Wiki ya kwanza alinung'unika. Ya pili alisahau kunung'unika. Ya tatu ikanyesha, goti likamuuma, akachota vifungo mkono mzima akatia mfukoni.

Siku ya tatu ya mvua mwalimu akashuka mwenyewe, miwani puani.

"Fundi, siku hizi watu wanavaa mashati ya wazi?"

"Kazi imepungua, Mwalimu."

Nyuma yake yalining'inia mashati matano, yamefungwa mpaka shingoni. Mwalimu aliyapitia moja moja kama anasahihisha mtihani, kisha akanyoosha kiganja. Fundi akaupindua mfuko, vifungo vikadondokea humo.

"Mtu anajiibia vifungo vyake mwenyewe," mwalimu alisema. "Hata polisi wakija, nitawaambia nini?"

"Goti, Mwalimu."

"Goti likiuma njoo mara moja badala ya tano. Moja si sifuri."

Akapanda mara moja. Kesho yake mara mbili. Mwezi uliofuata kopo likahamia kwa kinyozi wa ghorofa ya pili, na siku moja fundi akashangaa kujisikia anapiga mluzi njiani. Likakaa ghorofa ya tatu muda mrefu, zaidi ya miezi miwili, kwa sababu hapo goti lilikuwa na maoni yake.

Jumapili moja alibisha mlango wa ghorofa ya nne. Binti alifungua, akamwona baba yake na futi ya kupimia nguo shingoni, akashika kifua.

"Nani amefariki?"

"Hakuna. Natafuta mahali pa kuweka vifungo."

Binti alilipokea kopo bila kuelewa, akalipandisha juu ya kabati, mtoto asilifikie. "Nikiwa kazini, dada anayemlea atakufungulia," alisema. Mtoto, pale sakafuni, aliyatazama masharubu kwa muda mrefu, akakunja uso, akaanza kulia. Binti akainama haraka amchukue.

"Mwache alie," fundi alisema, akihesabu vifungo saba alivyobaki navyo kiganjani. "Nina mashati sita leo. Nikimaliza hili, narudi."