Kivuli cha Mzambarau

Dalali waliyemwita Mama Funguo, kwa kuwa akitembea funguo zake zililia kama kengele ya mbuzi, alifika ofisini akifuta beji yake mpya kwa ncha ya mtandio. Beji ilikuwa na jani la kijani: Dalali Rafiki wa Mazingira. Ofisi nzima walikuwa nayo, maana Bosi aliwapeleka wote kozini.

Kila mtu alikwenda na lake. Bosi alisema nyumba yenye alama ya kijani huuzika kabla chai haijapoa. Maringo, wa meza ya dirishani, alifuata chakula cha mchana na hakuficha. Mama Funguo alikuwa na la moyoni: kanuni iliruhusu dalali mwenye beji kuagiza mti fulani usikatwe, naye alikuwa na mti wake.

Ulikuwa mzambarau nyuma ya nyumba alimozaliwa. Msimu ukifika, bibi yake alikuwa akimpanga yeye na kaka yake barazani. "Toeni ndimi!" Mwenye ulimi wa zambarau ndiye mwizi. Wote wawili walikuwa wezi, na bibi akicheka, ulimi wake ulikuwa mweusi kuliko zao. Baba alipofariki nyumba iliuzwa, ikapita mikono ya watu, mwisho ikaangukia kwa Bosi.

Siku ya mwisho ya kozi, mwalimu akieleza jinsi mti mmoja unavyopoza nyumba nzima, Bosi alileta watu wa msumeno ili apate maegesho. Mama Funguo alifika na beji kifuani, akakuta saruji mbichi. Kivuli kilikuwa bado kipo. Kilijilaza pale na matawi yake yote, kikisogea na jua, na upepo ulipovuma kikayumba.

"Umeona?" alisema Bosi. "Mti umekwenda, ubaridi umebaki. Na hakuna majani ya kufagia. Andika kivuli cha asili."

"Bosi, na mti je?"

"Mti wa nini tena, mama, na kivuli unacho?"

Akaandika. Nyumba ikapata alama ya juu.

Wakaja wanunuzi, mke na mume, na gari jeupe pe. Mama Funguo alijiapiza kwamba wakiuliza mti uko wapi atasema yote, liwalo na liwe. Mume alitazama juu, kukawa na anga tupu. Akatazama chini.

"Kinakaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua lizame."

"Basi gari litakaa hapa."

"Afadhali," alisema mke. "Mti wa kwetu ulikuwa unachafua kila kitu."

Wakanunua. Msimu wa zambarau ulipoingia, wakamwita. Gari lilikuwa na madoa ya zambarau kutoka boneti hadi nyuma, na mengine yalikuwa yakidondoka wakati wakizungumza.

"Dada, haya yanatoka wapi?"

Hatimaye swali lilikuwa limeulizwa. Mama Funguo akaeleza yote: bibi, baraza, ndimi, na jinsi mti ulivyokatwa yeye akiwa darasani akijifunza kuutunza. Mume alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Pole sana, dada," alisema. "Sasa, gari ataosha nani?"

Bosi alileta mabati, akaezeka maegesho. Kivuli kikapanda juu ya bati, kikalala huko, na gari likabaki jeupe. Kwa kuwa sasa kulikuwa na vivuli viwili, nyumba iliongezewa alama. Bosi alipoona hivyo, akawatuma watu wa msumeno kwenye viwanja vyake vyote vya mtaa ule, na hakuna kivuli hata kimoja kilichoondoka. Maringo alisema mtaa haujawahi kuwa msafi namna hiyo.

Jioni Mama Funguo alipita pale, akasema anakagua. Kipande cha kivuli kilikuwa kimezidi bati na kushuka mpaka pembeni mwa ukuta. Akasimama humo, beji ikiwa mkobani. Hapakuwa na ndege wala mchakacho wa majani. Akafumba macho, akafumbua mdomo.

Nyumbani, kaka yake alimfungulia mlango, akamtazama kidogo.

"Hebu toa ulimi."

Akautoa.

"Mwizi," alisema kaka, akimpisha apite. "Na hukuniletea hata moja."