Funga ya Zulekha

Khairunisa hufundisha biolojia Bungoma, na ana ulimi mtamu, mtamu kupita kiasi. Ramadhani iliyopita alialikwa kwenye darsa la akina mama Kitale, kwa dada yake Zulekha muuza vitambaa, awaeleze faida za kufunga. Akawaambia kila seli ina usafi wake: protini iliyokwisha kazi, hata ile inayoiamuru seli igawanyike, hubandikwa alama, kisha hupelekwa kukatwakatwa. Ukifunga, alisema, usafi huo huongezeka. Akina mama wakaitikia mashaallah, naye akajiona.

Hakusema kwamba katika saratani nyingine protini hiyo hubadilika, alama ikakosa pa kushika, basi ikabaki humo ikiamuru na kuamuru, na njaa haiiondoi. Alilijua hilo vizuri. Aliliacha kwa sababu lingeharibu utamu wa mazungumzo, na hadi leo linamchoma.

Maana Zulekha alikuwa na uvimbe kwenye titi, mdogo kama punje ya hindi, na hakumwambia mtu. Mwezi ulipokwisha aliunganisha funga ya siku sita za Shawwal, kisha kila Jumatatu na Alhamisi, akiusubiri mwili umalize usafi wake. Alikwenda hospitali mkono ulipoanza kuvimba, Khairunisa akimsindikiza. Daktari alisema ugonjwa umeshafika kwapani, na kwamba wangekuja mapema mambo yangekuwa mengine.

Wakakaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Khairunisa akaeleza yote aliyoyaficha, akaomba msamaha huku analia. Alitaka atukanwe, angalau apate nafuu. Zulekha alimsikiliza mpaka mwisho, akamfuta machozi kwa ncha ya leso.

"Wacha kulia, Nisa," alisema. "Wewe uliongea vizuri, ata nilikurekodi. Nilitumia wamama wote, mpaka wale wa Suam. Kuna mmoja wao, Bilan, ako na kitu kama yangu. Nilimwambia asiogope, asikize tu dada yangu."

Machozi yalimkauka Khairunisa papo hapo. Aliomba namba, akapiga. Bilan alipokea kwa furaha, akashukuru kwamba mwalimu mwenyewe amemkumbuka, akamwambia asiwe na wasiwasi, leo pia amefunga.