Ukungu Baada ya Maombi

Mwalimu Ciakuthii alifika Embu kabla ya saa sita, akitoka Kiirua, akiwa amevaa koti lake la kanisani. Hakuja kutembea. Alikuwa amemwambia bintiye Kajuju kwenye simu kwamba ataiona hiyo sanaa ya kompyuta kwa macho yake, kisha jioni atasema kama Kajuju aendelee nayo au ahamie kozi ya ualimu muhula ujao. Nafasi ya ualimu alikuwa ameshaiulizia, na ilikuwepo.

Kajuju hakubishana. Alimwambia tu mwenzake, Nyaga, "Leo isiharibike."

"Haijaharibika wiki nzima," Nyaga akasema. "Itaanzia leo kwa sababu ya mamako?"

Nyaga alikuwa kijana wa Manyatta, mwanafunzi wa kompyuta. Kajuju alisoma uchoraji. Kazi yao ilikuwa ukuta mmoja. Projekta ilimwaga ukungu mweupe ukutani, mzito kama ule wa Kiirua asubuhi. Kamera ndogo nyuma ya chumba iliwatazama watu. Ukisimama mbele ya ukuta, ukungu ulifunguka kwa umbo lako, kichwa, mabega na mikono, na ndani ya umbo hilo ukaona shamba: mistari ya viazi, ngano, na mlima nyuma yake. Ukitembea, dirisha lako lilitembea nawe. Shamba alilichora Kajuju kwa mkono, likizo nzima. Programu aliiandika Nyaga.

Mwanga wa dirishani ulikuwa umewasumbua mwanzoni, kwa hiyo Nyaga aliifundisha kompyuta kanuni moja. Kitu kisichosogea kwa dakika moja hivi kihesabiwe kuwa sehemu ya ukuta. Walikuwa wameijaribu na wanafunzi wenzao, na wanafunzi hawakutulia hata kidogo. Walicheza, walisukumana, walipigana picha. Kanuni ilifanya kazi vizuri.

Wageni wa maonyesho walipojaa chumbani, mhadhiri wao, Madam Wambeti, alipiga makofi mawili.

"Hatuwezi kuanza bila kumkabidhi Mungu siku hii," akasema. "Mwalimu Ciakuthii, wewe umetoka mbali kuliko sisi wote. Tuombee."

Nyaga alimwinamia Kajuju. "Mamako huomba fupi?"

"La."

Watu waliinamisha vichwa pale pale walipokuwa, mbele ya ukuta. Mwalimu Ciakuthii aliishukuru barabara na dereva. Aliombea chuo, akaombea mvua, akawaombea wagonjwa wa hospitali zote za kaunti. Alipofika kwa vijana waliopotea njia, Kajuju alifumbua jicho moja.

Madirisha ya watu ukutani yalikuwa yakifungwa. Ukungu ulikuwa unarudi polepole juu ya kila mtu aliyesimama kimya, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayefunika sufuria. Nyaga naye alikuwa amefumbua jicho. Kompyuta ilikuwa mbele yake, lakini kugonga kibodi katikati ya maombi ya mzazi wa mtu lilikuwa jambo asiloliweza.

"Amina," wote wakasema, wakainua macho. Ukuta ulikuwa ukungu mtupu.

"Kwani stima imepotea?" mtu akauliza.

Kisha mzee mmoja aitwaye Nthiga, mzazi kutoka mtaa wa Dallas hapo Embu, alisogea kando. Mahali alipokuwa amesimama palifunguka ukutani umbo la mtu aliyeinamisha kichwa. Nthiga alikuwa huku, umbo lake likabaki kule, likiomba.

"Imewahesabu kuwa ukuta," Nyaga akanong'ona. "Sasa wakiondoka, inaona pengo na kudhani pengo ndilo mtu. Niiwashe upya?"

Kajuju aligeukia ukuta.

"Kajuju," mama yake akaita. "Mbona mimi siko?"

Alikuwa bado amesimama mahali pake, na mbele yake ukungu haukuwa na hata tundu. Aliinua mkono. Mkono peke yake ukatokea ukutani.

"Mwalimu, umebaki mkono," Nthiga akasema, na watu wakacheka.

Kajuju angeweza kusema ni stima. Angeweza kusema ni waya. Nyaga alikuwa tayari kuapa kwa lolote kati ya hayo.

"Ni maombi, Mama," akasema. "Yalikuwa marefu."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mama yake hakucheka.

"Eleza," akasema, kwa sauti anayotumia darasani.

Kajuju alieleza yote, kuhusu mwanga wa dirishani, kanuni ya dakika moja, na wanafunzi wasiotulia. "Hatukuwahi kuijaribu na watu wanaoomba," akamaliza. "Hilo ni kosa letu."

"Kwa hiyo anayetulia, mashine inamsahau."

"Ndiyo."

"Na akiondoka?"

"Ondoka uone."

Mwalimu Ciakuthii alipiga hatua mbili kando. Nyuma yake likabaki umbo lake lote, koti, kichwa kilichoinama, mikono iliyoshikana, limejaa shamba. Alilisogelea polepole, akiangalia asilizibe.

"Hii ni ile kona ya juu ya shamba letu. Ya karibu na bomba."

"Ndiyo."

"Umeweka na mti tuliokata."

"Niliuweka."

Mama yake alisimama akitazama mpaka ukungu ulipofunika viazi, kisha mti, kisha kila kitu. Nyaga, kidole juu ya kibodi, alimtazama Kajuju. Kajuju akatikisa kichwa. Iache hivyo.

"Mimi nilikuwa nimesimama vibaya," Nthiga akasema. "Naweza kurudia?"

"Huyu," mkewe akawaambia watu, "miaka yote namwambia atulie nyumbani. Leo anatulizwa na kompyuta."

Nthiga alisimama wima, kofia kifuani, mpaka ukungu ukamfunika. Alipoondoka, watu walimpigia makofi yeye aliyebaki ukutani. Baada yake walikuja dada wawili walioshikana mikono, kisha watu zaidi, na mlangoni wakaanza kusukumana. Madam Wambeti alijaribu kuwapanga, hawakumsikia.

Mwalimu Ciakuthii alivua koti lake, akalikunja juu ya kiti.

"Mstari mmoja," akasema. "Watatu watatu. Ukishafika hapa husogei. Hata pua usijikune."

Wakajipanga.

Mama mmoja aliyekuwa mbele kwenye mstari alimuuliza, "Mwalimu, nawe una mtoto hapa?"

"Yule pale kwenye projekta, mwenye fulana ya kijani. Yeye ndiye amechora shamba." Aliwarudisha wawili waliotaka kuruka mstari. "Amebakisha miaka miwili ya uchoraji."

Kajuju alisikia. Alimtazama Nyaga, na Nyaga alikuwa amesikia pia.

"Nyinyi wa nyuma," Mwalimu Ciakuthii akasema, "toeni mikono mifukoni. Wengine wanasubiri."