Protoni katika Vyungu Vitatu

Mwaka 1973, wakati wa likizo, Venanti alirudi Kibondo kwa shangazi yake Epifania akiwa na swali alilopewa na profesa wake wa Dar es Salaam. Huko Ulaya kulikuwa na mtambo wa kugonganisha protoni kwa protoni. Chembe nyingi zilizozaliwa katika mgongano ziliendelea mbele, chache zikachomoka ubavuni. Chache kiasi gani? Nadharia ilitabiri idadi ndogo mno, na wenye mtambo walisema wanaona nyingi zaidi. Profesa alitaka makadirio bora. Mhitimu ambaye angeyafikisha kabla mwezi haujaisha angepata nafasi ya kwenda kusoma nje, nayo ilikuwa moja tu.

Kompyuta ya chuo ilikuwa mbali, na foleni yake ndefu. Venanti akaamua kuiga migongano kwa maharage. Chungu cha kwanza kiliamua kama protoni zimegongana barabara au zimegusana tu zikapita. Cha pili, chembe inaelekea wapi. Cha tatu, kama mtambo utaiona. Katika kila chungu alichanganya maharage mekundu na meupe kwa uwiano aliouhesabu. Epifania alichomoa punje bila kutazama, Venanti akaandika rangi yake, punje ikarudishwa, chungu kikatikiswa. Ikitoka nyekundu katika vyungu vyote vitatu, hiyo ni chembe moja ya ubavuni.

"Mtu mzima na shahada yake, anachezea chakula," Epifania alisema.

"Hatuchezi, shangazi. Tunagonganisha."

"Mbona sisikii kishindo?"

Walifanya hivyo wiki nzima. Mwishowe idadi ikakaribiana na ile ya Ulaya. Venanti alitoka nje, akaizunguka nyumba kwa furaha, akarudi kufunga bahasha. Lori la tumbaku la Gharibu lilikuwa linakwenda Kasulu asubuhi hiyo, na kutoka posta ya huko barua ingewahi.

Wakati Gharibu anapakia mizigo, Venanti alikaa mbele ya vyungu, akachomoa mwenyewe ili ahakikishe. Mekundu yakapungua. Akamwita shangazi achomoe. Yakaongezeka. Wakarudia kwa zamu, ikawa vilevile.

"Shangazi, unachungulia?"

"Nimefumba macho! Unataka niape?"

"Basi unachaguaje?"

"Sichagui, mwana wanje, mwanangu. Lile jepesi linaniponyoka lenyewe. Miaka yote niliyouza sokoni, mkono huu haujampa mteja harage bovu."

Venanti alimwaga chungu kimoja kwenye ungo. Mekundu yalikuwa ya msimu ule, mazito. Meupe yalikuwa ya mwaka uliopita, mengi yamebunguliwa. Kosa dogo la chungu cha kwanza lilikuwa limekuzwa na cha pili, likakuzwa tena na cha tatu.

Honi ililia barabarani.

"Mwalimu! Bahasha, au niondoke?" Gharibu alipaza sauti. "Hata mke wangu hanisubirishi hivi!"

Venanti alisimama na bahasha mkononi. Namba zilizokuwa ndani ndizo ambazo kila mtu alitaka kuziona.

"Nenda," alisema. "Si za kweli."

Lori lilipokwisha kuondoka, Epifania aliketi mbele ya ungo, akaanza kuyatenga mabovu. "Nimekuharibia safari yako."

"Hapana, shangazi. Mimi ndiye niliyechanganya mazima na mabovu."

Walinunua shanga dukani kwa Athuman, nyekundu na nyeupe, zote za ukubwa mmoja, wakaanza upya. Safari hii idadi ilizidi ile ya nadharia ya zamani, lakini ilibaki chini sana ya ile ya Ulaya. Venanti alihesabu tena, akaridhika kwamba pengo lile halikutokana na mkono wa mtu. Ndani ya protoni mlikuwa na jambo ambalo nadharia haikuwa imelijua bado, na sasa mtu angeweza kulitafuta bila kudanganyika.

Lori liliporudi, Gharibu alimletea simu ya maandishi ya profesa kutoka posta ya Kasulu. Nafasi amepewa mhitimu mwingine. Venanti aliisoma mara mbili, akaikunja, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na bahasha mpya.

"Ya nini tena, ndugu yangu?" Gharibu aliuliza. "Nafasi si imekwisha kwenda?"

"Imekwenda. Lakini profesa bado hana jibu."

Gharibu aliipokea. "Basi ikae mbele na mimi," alisema. "Huko nyuma itanyeshewa."