Kokoto Chini ya Mabenchi

Jumatatu asubuhi mfagizi wa kanisa alifagia chini ya mabenchi akapata maganda ya pipi, kifungo kimoja cha shati na kokoto ndoo mbili. Siku zote ilikuwa ndoo moja. Mtu akiitikia amina asiyoimaanisha, kokoto ilimdondoka mdomoni. Hilo lilijulikana, na wengi walishajifunza kukohoa ili isisikike ikigonga sakafu.

Kilichowakosesha raha wazee wa kanisa ni ile ndoo ya pili. Ilikuwa ya nani?

Macho yote yakamwendea binti wa fundi cherehani, msichana wa miaka kumi na sita, mwanakwaya, aliyebakiza mwezi mmoja kupata kipaimara. Tangu baba yake azikwe, sala nyingine aliitikia, nyingine alinyamaza. Darasani aliwahi kuuliza kwa nini Mungu hakuwajibu walipomwombea mgonjwa wao.

"Wenzako mbona hawaulizi?" mchungaji alimwambia.

Wazee wakamwondoa kwaya, wakamkalisha peke yake benchi la nyuma. Kila sala ilipoisha, katibu wao aligeuka kumchungulia miguuni. Baada ya Jumapili tatu wakamwita mfagizi.

"Kwake pasafi kabisa," alisema. "Nyingi ziko mbele, mnapokaa nyinyi, wazee wangu."

Wakatazamana.

"Basi anazimeza," katibu akasema.

Waliona ina mantiki. Wakamfuta kwenye orodha ya kipaimara, wakaagiza zulia nene la kutandika mbele. Kikao kikafungwa kwa sala, wote wakakohoa kwa pamoja.

Jumapili iliyofuata mama yake msichana, yule fundi cherehani, alihamia benchi la nyuma.

"Mama, kuna siku naamini kabisa," msichana alinong'ona. "Siku hizo naitikia. Siku nyingine sioni kitu, na sitaki kumdanganya Mungu."

"Najua, mwanangu. Lakini hawa wanatuangalia. Wateja wangu wote wamo humu. Itikia tu."

Mchungaji akamshukuru Mungu kwa kanisa lenye moyo mmoja. Katibu akageuka, mkono nyuma ya sikio.

"Amina," msichana akasema, kwa sauti.

Kokoto ilikuwa ndogo, imelowa mate. Ilibingirika hadi miguuni kwa mama yake, naye akaikanyaga, akaendelea kutazama mbele.

Jumatano jina la msichana lilirudishwa kwenye orodha, na katibu akampa mkono wa pongezi.