Mapipa ya Njano

Mtaani kwetu, nje ya mji wa Bendigo, lori la taka huchukua mapipa ya njano wiki moja, ya kijani wiki inayofuata. Baada ya kumzika mume wangu Keith, jioni moja nilitoa la njano kwa kubahatisha. Asubuhi nilipigwa na butwaa: kila nyumba ilikuwa imetoa la njano, na lori la mapipa ya kijani lilikuwa likitupita bila kusimama.

"Bronwyn, umetuponza!" akacheka jirani yangu Trev, kandambili miguuni.

"Kwani mnanifuata mimi?"

"Mtaa mzima tunatazama kwenu, dada. Keith hakukosea hata mara moja."

Nilidhani ni mimi tu niliyekuwa nikimtegemea.

"Basi wiki ijayo tutoe lipi?" akauliza taratibu.

"Hili hili," nikasema, nikaligeuza pipa la njano kulirudisha uani.